Bado Mapema

Mdogo wangu anaishi Rogers Park, kaskazini kabisa mwa Chicago, na dirisha la sebule yake linatazama reli ya treni inayopita juu kwa juu. Asubuhi yangu ya kwanza pale, mwanzoni mwa Aprili 2025, nilisimama dirishani na kikombe cha chai ya tangawizi nikaona theluji inadondoka. Haikuwa nyingi. Ilikuwa vijipande vyepesi vinavyopeperuka kama sufi wakati msufi unapopasua matunda yake.

"Leo tunakwenda mpirani," akasema mdogo wangu. Nikacheka. Akanirushia koti.

Kwa mtu wa Dar, Aprili ni masika: Jangwani imejaa maji, daladala zimezunguka njia nyingine, na viatu unavibeba mkononi. Kule Chicago wanauita mwezi wa kuchipua, huku wakipuliza vidole. Na ndio mwezi besiboli inaposhika njia. Ligi hufunguliwa mwishoni mwa Machi, na kuanzia hapo kila timu inacheza karibu kila siku, hadi mwisho wa Septemba: michezo 162. Nilidhani nimesikia vibaya, nikauliza tena. Ligi yetu kuu ina michezo 30 kwa kila timu, na hiyo 30 inatutoa roho.

Nilikwenda nikiwa mjinga wa mchezo huu. Nimekulia Tandika, kwenye chandimu na mpira wa soksi. Kule Upanga, shule ya Azania, kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Nimepita karibu yake mara nyingi, sikuwahi kuingia. Kitu cha karibu zaidi nilichokuwa nacho ni rede, ule mchezo wa dada zetu wa kumlenga mtu wa katikati kwa mpira. Nikakuta besiboli ni rede iliyogeuzwa, maana anayelengwa ndiye mwenye silaha. Mrushaji anasimama juu ya kichuguu, mita 18 na ushee kutoka kwa mpigaji, na mpigaji ameshika gongo (la mti, si lile la kunywa). Akiupiga mpira vizuri anakimbia vituo vinne, na akirudi alipoanzia timu yake imepata alama. Kila timu ina zamu tisa za kupiga. Mengine yote ni maelezo, na maelezo hayo Wamarekani wanaweza kukupa mpaka usiku wa manane.

Wrigley Field imekaa katikati ya nyumba za watu kama msikiti wa mtaa. Unashuka kituo cha Addison na uwanja uko hapo hapo, umebanwa na baa na maghorofa ya matofali ambayo mapaa yake yamewekewa viti ili watu watazame mpira kutokea nje ya ukuta. Ulijengwa mwaka 1914. Ukuta wa ndani umefunikwa na mtambaa uliopandwa mwaka 1937, na picha zote nilizowahi kuona zinauonyesha ukiwa kijani kibichi. Aprili hauna jani hata moja. Ni mishipa mitupu juu ya matofali, kama mkono wa bibi kizee. Upepo unatoka Ziwa Michigan unaingia uwanjani, na mpira uliopigwa kwa nguvu zote, ambao Julai ungevuka ukuta na kutua barabarani, unasimama hewani, unafikiri, kisha unaanguka kwenye glovu ya mtu aliyekuwa akiungoja.

Kushoto kwangu alikaa mzee wa miaka sabini na kitu, kofia ya sufi, blanketi magotini, penseli sikioni. Mapajani alikuwa na kadi yenye vyumba vidogo vidogo, na kila tukio la uwanjani alilijaza kwenye chumba chake kwa herufi na tarakimu. Nilimwamkia, kwa kuwa sijui kukaa karibu na mtu mzima nikanyamaza. Alishangaa kidogo, akafurahi, akanisogezea mfuko wa karanga. Karanga zenyewe zina maganda, na maganda unayatupa miguuni. Mama yangu angenichapa.

Mpigaji mmoja wa timu ya nyumbani, ambaye watu walimshangilia sana alipoingia, alikosa. Zamu ya pili akakosa. Ya tatu akasimama ametazama mpira unampita, akarudi kukaa. Mimi nilikuwa nimeshachemka. Nikamuuliza mzee: kwa nini kocha hamtoi? Akaandika herufi K kwenye kadi yake, akaigeuza ikatazama nyuma, kuonyesha kwamba mtu ametolewa bila hata kutikisa gongo. Akasema, bila haraka yoyote, "Bado mapema."

Neno hilo nililisikia majuma yote yaliyofuata. Nililisikia kwa dereva wa teksi, kwa wauza kofia, kwenye redio. Mwanzoni nilidhani ni kujifariji, kama sisi tunavyosema Mungu yupo baada ya kufungwa nne. Mzee akanieleza hesabu yake. Mpigaji anayefaulu mara tatu katika kumi anahesabiwa hodari; wa mwisho kufaulu zaidi ya mara nne katika kumi kwa msimu mzima, katika ligi mbili kuu za leo, alikuwa Ted Williams, mwaka 1941. Maana yake hodari anakosa mara saba katika kumi, mbele ya watu, kila siku, na kesho anarudi tena. Ukimpima mtu wa namna hiyo kwa wiki moja ya baridi, akasema mzee, utakuwa umepima baridi.

Nikawaza Kariakoo na timu zake mbili za soka. Nilikuwa nimeondoka Dar watu bado wanagombana juu ya dabi ya Machi iliyoahirishwa, na pande zote mbili zilikuwa na mtu wa kufukuzwa. Kwetu kocha akipoteza mechi mbili anaanza kukunja nguo, ya tatu inamkuta uwanja wa ndege. Sisemi kwamba hilo ni baya. Raha yetu imo humo humo kwenye moto. Ila pale Wrigley kulikuwa na ubao mkubwa wa matokeo, nao ni wa mwaka 1937, bado watu wanaingia ndani yake na kubadilisha namba kwa mikono, na hesabu ya mchezo ina safu tatu kwa kila timu: alama, mipigo, makosa. Makosa! Mchezaji akidondosha mpira ambao angepaswa kuudaka, tarakimu inaandikwa, na inakaa hapo mpaka mwisho. Hakuna anayezomea sana. Imeshaandikwa, basi, mchezo unaendelea. Sijui serikali za mitaa zetu zingekuwaje na hesabu ya namna hiyo.

Mzee alikuwa na nongwa moja tu, na ni saa. Zamani mrushaji alijirushia anapotaka. Anavuta pumzi, anarekebisha kofia, anatazama mbingu. Tangu mwaka 2023 kuna saa inayohesabu kurudi nyuma: sekunde 15 kama vituo ni vitupu, 18 sasa kama kuna mkimbiaji. Mchezo uliokuwa ukichukua saa tatu na dakika chache ukashuka hadi kama saa mbili na dakika arobaini mwaka huo wa kwanza. Mdogo wangu, ambaye ana kazi asubuhi, anaisifu. Mzee akasema wamempunguzia mazungumzo. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu katika muda huo waliotaka kuukata alikuwa ananisimulia habari za baba yake.

Timu hii, Cubs, ilitwaa ubingwa mwaka 1908, kisha haikutwaa tena hadi 2016. Miaka 108. Baba yake alizaliwa ndani ya ukame huo na akafa ndani yake, na kila Aprili aliamini. Usiku wa ushindi ule, na siku zilizofuata, watu walikuja na chaki wakaandika majina kwenye kuta za nje za uwanja, mengi yakiwa majina ya wazazi na mabibi waliokufa wakingoja. Mzee aliandika la baba yake karibu na lango. Mvua ilinyesha, likafutika, akarudi akaandika tena.

Njaa ikanikumbusha kwamba nimekuja kula pia. Hotidogi ya Chicago ni soseji ndani ya mkate wenye mbegu za popi, na juu yake haradali, vitunguu, achari ya kijani kibichi iliyong'aa kupita kiasi, vipande vya nyanya, ubavu wa tango la siki, pilipili ndogo na chumvi ya selari. Nikaomba tomato sosi. Muuzaji akanitazama kama mtu aliyeomba sukari aweke kwenye mchuzi wa samaki. Mdogo wangu akaniombea msamaha. Hiyo ndiyo siku niliyoelewa kwamba hawa watu nao wana mila.

Tulipotoka, bendera ilikuwa imeshapandishwa juu ya ubao, nyeupe yenye herufi ya buluu, kwamba wameshinda. Wakishindwa wanapandisha ya buluu yenye herufi nyeupe. Waliomo kwenye treni wanatazama bendera tu, wanajua jioni itakuwaje nyumbani.

Tarehe 15 Aprili nilikuwa kusini mwa jiji, Bronzeville, nimekwenda kunyoa. Kinyozi alikuwa mtu mzima wa maneno mengi, na televisheni juu ya kioo ilikuwa inaonyesha besiboli. Nikaona jambo la ajabu: wachezaji wote, timu zote mbili, wana namba 42 mgongoni. Nikadhani televisheni ni mbovu. Kinyozi akazima mashine ili anieleze vizuri.

Ni siku ya Jackie Robinson. Tarehe hiyo mwaka 1947 aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers, mtu mweusi wa kwanza katika ligi kuu za zama hizi, na mwaka 1997 namba yake ikaondolewa kwenye timu zote; leo haivaliwi na yeyote isipokuwa siku hii ambapo wote wanaivaa. Kabla yake watu weusi walikuwa na ligi zao. Ile ya kwanza kudumu ilianzishwa mwaka 1920 na Rube Foster, ambaye timu yake ilikuwa hapa hapa Chicago. Kuanzia mwaka 1933 mchezo wao mkubwa wa nyota ulichezwa Comiskey Park, uwanja uliokuwa mtaa wa 35, mwendo mfupi kutoka kwenye kiti nilichokalia. Mwaka 2024 ndipo takwimu za ligi hizo zilipoingizwa rasmi kwenye vitabu vya ligi kuu, na Josh Gibson, aliyekufa mwaka 1947 bila kukanyaga ligi kuu, akawa wa kwanza kwa wastani wa kupiga.

"Na sasa tazama," akasema kinyozi, akinyoosha wembe kwenye kioo. Uwanjani kulikuwa na Wadominika, Wavenezuela, Wajapani. Wamarekani weusi mwaka 2025 walikuwa kama asilimia 6 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Glovu ni ghali, gongo ni ghali, timu za watoto zinazosafiri ni ghali zaidi, na mpira wa kikapu unahitaji mpira mmoja na watoto kumi. Hilo halikuhitaji mkalimani. Mimi ni wa mpira wa soksi.

Kisha akanitega: je, namjua Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu? Sikumjua. Akafurahi kupita kiasi. Gift Ngoepe, wa Afrika Kusini, aliyekulia kwenye chumba ndani ya klabu ya besiboli ya Randburg, mama yake akifanya kazi hapo. Tarehe 26 Aprili 2017 aliingia akiichezea Pittsburgh, na mara yake ya kwanza kabisa kusimama na gongo akapiga, akafika kituo cha kwanza. Nikamuuliza amekumbukaje. "Kwa sababu aliyerusha na kupigwa alikuwa mrushaji wa Cubs," akasema, na duka zima likacheka. Watu wa kusini ni wa White Sox. Mwaka uliotangulia timu yao ilipoteza michezo 121, hakuna timu ya zama hizi iliyowahi kupoteza mingi hivyo, na wao walikuwa wanacheka wenzao. Nikajisikia niko Kariakoo.

Milwaukee ni saa moja na nusu kwa treni kutoka Chicago. Huko nilikaribishwa na harufu kabla ya watu. Maegesho ya magari yanayouzunguka uwanja yalikuwa yamefuka moshi. Kila gari limefunguliwa nyuma, kila familia na jiko lake la mkaa. Ilikuwa Sinza Jumamosi jioni, ila mchana, na kila mtu amevaa koti. Mwanamume nisiyemjua aliniona nimesimama peke yangu akaniwekea soseji ya Kijerumani kwenye mkate, akanipa na bia. Nikauliza kama kuna pilipili. Akaita mkewe, mkewe akaita jirani, jirani akaleta chupa. Ilikuwa tamu kama jamu. Nikashukuru.

Hawa walikuwa na sababu ya kununa. Timu yao, Brewers, ilipoteza michezo minne ya kwanza ya msimu, mitatu ikiwa New York, na katika mmoja wao Yankees walipiga mipira tisa ya kuvuka ukuta, mchezo ukaisha 20 kwa 9. Baadhi ya Yankees walikuwa na gongo la umbo jipya, lililobuniwa na mtu aliyesomea fizikia, na wiki nzima nchi haikuzungumza kingine. Mwenyeji wangu alinichorea kwa haradali kwenye sahani ya karatasi: unene umesogezwa kutoka ncha kuja pale mpira unapogusa mara nyingi, likawa kama chatu aliyemeza sungura. Halijavunja sheria yoyote. Watoto wake walikuwa wanalia wakitaka moja.

Nikamuuliza, na timu yenu? Akapuliza mkaa. "Bado mapema," akasema, na mimi nikamhurumia kimoyomoyo. Septemba, nikiwa nimesharudi Dar, nilifungua matokeo kwenye simu nikakuta Brewers wamemaliza na ushindi 97, wengi kuliko timu yoyote kwenye ligi zote mbili. Nilitamani ningekuwa na namba yake ya simu.

Ndani ya uwanja kuna paa linalofungwa, na lilikuwa limefungwa, kwa hiyo ule ubishi wa Chicago na upepo haupo. Ni raha, na ni kama kula embe lililokwisha kumenywa. Katikati ya zamu ya sita watu watano waliovaa maumbo ya soseji walikimbia mbio kuzunguka uwanja, na uwanja mzima ukasimama kuliko uliposimamia mpira. Sina la kuongeza hapo.

Basi la kwenda Iowa linapita kwenye mashamba yasiyo na mwisho. Udongo mweusi kama mkaa uliolowa, haujapandwa bado, na mahindi yake ya kuvuna Oktoba yangali kwenye magunia. Des Moines nilikwenda kwa ajili ya mtu mmoja, ndugu wa rafiki yangu wa Kigoma. Ni Mkongomani wa Fizi. Familia yake ilivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, ikakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka ishirini, na mwaka 2016 ikaletwa hapa. Anafanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha nyama. Mkewe alinipokea kwa bugali, sombe na dagaa wa kukaanga, na nilipouliza dagaa wanatoka wapi akasema dukani kwa Mburundi, mitaa miwili kutoka hapo. Nilikula nikanyamaza.

"Kaka, miye mambo ya huu mupira siyajui," akasema mwenyeji wangu. "Mutoto ndiye mwalimu wangu." Mutoto ana miaka 12, amezaliwa Nyarugusu, na Kiswahili chake kina R ya Kimarekani inayokunja ulimi. Anacheza timu ya mtaa wao, nafasi ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kukinga kila kitu. Alinishika mkono tukaenda wote watatu Principal Park.

Ni uwanja mdogo, pale mito miwili ya mji inapokutana, na nyuma ya ukuta wa mbali unaona kuba la dhahabu la bunge la jimbo. Wanaocheza hapo ni Iowa Cubs, timu ya kungojea. Wote ni wachezaji wa kulipwa, wako ngazi moja tu chini ya Wrigley, na ngazi hiyo ni ndefu: juu, mshahara wa chini kabisa mwaka 2025 ulikuwa dola 760,000; hapa, mkataba wa mwaka 2023 uliweka kima cha chini dola 35,800. Katikati kuna simu. Mtu akiumia Chicago, simu inalia Des Moines, na kijana anafunga begi usiku huo huo. Mutoto aliwajua wote waliowahi kuitwa na waliowahi kurudishwa. Baba yake alisikiliza hilo la kuitwa na kurudishwa kwa makini kuliko yote.

Mutoto akaniuliza kama Tanzania kuna timu. Nikamweleza ule uwanja wa Upanga. Nikamweleza pia watoto wa Uganda walioshinda nafasi ya kwenda mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport mwaka 2011 na kunyimwa viza, na wenzao wa Lugazi walioshinda nafasi mwaka uliofuata, wakaenda, timu ya kwanza kutoka Afrika.

"Viza," akasema baba. "Hayo ndiyo mashindano yenyewe."

Mvua ilianza zamu ya nne. Kwanza manyunyu, kisha ile yenyewe, na vijana kama kumi na tano wakatoka mbio wakivuta turubai kubwa wakafunika kichuguu na vituo. Watu wakakimbilia chini ya paa. Mutoto hakutaka kuondoka. Hawajasema imeisha, akasema. Alikuwa na kadi kama ile ya mzee wa Wrigley, amenifundisha kuandika K ya kawaida na K ya kugeuza, na yangu zilikuwa zimekaa ovyo ovyo zinatazama kila upande. Tukangoja. Baba yake akatazama saa, kwa kuwa zamu yake kiwandani inaanza saa nne usiku, akatununulia karanga, tukala, maganda tukayaweka kwenye mfuko.

Saa moja baadaye wakatangaza kwamba mchezo umesimama, utaendelea kesho kuanzia hapo ulipofika, mpigaji yule yule, mkimbiaji yule yule kwenye kituo cha pili. Mutoto akauliza kama kesho baba atakuwa macho. Baba akasema tutaona. Mtoto akafuta maji kwenye kadi kwa mkono wa sweta, akaikunja mara moja tu ili isivunjike penye vyumba vitupu, akaitia ndani ya fulana.